Mkwe Atupishe Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Hujambo huko chuoni? Sisi hapa Nanyala tu wazima. Babu yako anaanika kahawa na kugombana na kuku wanaoikanyaga.

Umeniuliza kama mtoa dawa ya usingizi ana kauli yoyote mbele ya daktari mpasuaji. Anayo, tena kubwa.

Nilikuwa mgeni katika kazi hiyo. Aliletwa mama kijana wa kutolewa uvimbe wa shingo, akisindikizwa na baba mkwe wake. Nikamuuliza yule mama kama amekula. Akatazama chini, akatikisa kichwa kukataa. Daktari alikuwa ameshanawa, ananiita.

Nikakumbuka kwamba kwetu Unyiha, siku zile, mke wa mtu hakutaja chakula mbele ya mkwe. Nikamwomba mzee atupishe, nikauliza tena.

"Nimekula viazi asubuhi, dada. Nilishindwa kusema mbele ya baba."

Ningempa dawa ya usingizi, viazi vile vingeweza kupanda kooni na kuingia mapafuni.

"Tunachelewa," daktari akasema. "Endelea."

"Amekula, daktari. Leo simpi usingizi. Wewe unashika kisu, mimi nashika pumzi yake."

Daktari akavua glavu.

Kesho yake tulimpasua salama. Alipozinduka, mkwe wake akiwa amesimama kando ya kitanda, alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Nina njaa."

Mzee mwenyewe ndiye aliyekwenda kumtafutia uji.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye.