Sumu Haikutoka Jikoni

Hewa Bora, Lubumbashi

Mdogo wangu Veronika,

Nakusalimu nikiandika kitandani, usiucheke mwandiko. Kiuno chako kinaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimepungua? Huku sisi tupo, ingawa mimi nipo kidogo tu. Simu nimeikataa, maana kwenye simu huniachi nimalize sentensi.

Mara ya mwisho ulitaka mwanangu Deo amfukuze mkewe kabla hajaniua. "Ule wa Kasai njo anakutiyaka sumu mu bukari," ulisema, nami nikanyamaza. Nilinyamaza kwa kusudi, Vero. Nilijua Berta hana kosa, wala ugali wake hauna sumu, ila niliona afadhali lawama iwe yake kuliko aibu iwe yangu.

Sikia basi. Magoti yaliponizidi, nilinunua diklofenaki kwenye duka la dawa kule Naviundu. Muuzaji alicheka: "Kunywa hii, mama, dimanche utacheza mutuashi pa kanisa!" Kwa Jumapili kadhaa niliicheza kweli ngoma hiyo. Maumivu yaliporudi, sokoni wakaniuzia ibuprofeni, nikaiongeza juu ya ile ya kwanza, asubuhi na jioni, miezi mingi, pamoja na dawa yangu ya presha. Sikumwuliza daktari. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya maelezo, kwa Kifaransa, lugha niliyoifundisha hadi nikastaafu. Karatasi hiyo nilifungia karanga.

Kila asubuhi Berta aliniletea uji. "Mama, kula kwanza. Dawa haipendake tumbo mutupu."

"Uji wako unanuka moshi, mutoto ya bantu," nilimjibu, kana kwamba yeye ni wa watu baki, nikameza vidonge kwa chai tupu.

Tumbo likaanza kuwaka. Nikasema ni pilipili ya Berta. Choo kikawa cheusi kama lami, sikumwambia mtu. Siku nilipotapika damu, ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani kutafuta taksi, na majirani nyuma yetu wananong'ona neno lako lile lile: sumu.

Hospitalini muuguzi alitoa vidonge kwenye mkoba wangu, akavipanga kitandani. "Mama, hizi dawa mbili ziko bandugu ba tumbo moja. Ulikuwa unakunywa moja mara mbili!" Zimenichimba kidonda tumboni, na zilipokutana na ile ya presha zikazichosha figo. Daktari haniahidi kitu. Mimi niliyewachapa watoto kwa kujibu swali kabla ya kulisoma!

Na mkoba wako wewe? Nilikutumia zote mbili kwa ajili ya kiuno, tena kwa sifa nyingi. Ziache leo. Usimgawie jirani. Dawa yako ya presha usiiache. Nenda kwa daktari na kila kitu unachomeza, hata mizizi ya shemeji, umwoneshe. Akikuandikia moja ya jamii hii, iwe hiyo moja, kwa siku atakazosema, baada ya kula. Ukiona choo cheusi, usingoje kesho kama mimi.

Nikifa, barua hii isomwe matangani, kabla mtu hajamnyooshea Berta kidole. Uisome wewe, kwa sauti, kwa kuwa maneno hayo uliyaanza wewe. Useme pia kwamba mimi ndiye niliyeyaacha yakue. Wakitafuta mchawi, waanzie kwenye mkoba wangu.

Nisalimie shemeji, na kaka yetu mkubwa Filipo. Msomee karibu na sikio. Umbusu mjukuu aliyepewa jina langu. Jina amelichukua, asichukue na kiburi.

Nilitaka kumwomba Berta msamaha kabla sijafunga bahasha. Nimeanza mara mbili, na sasa hivi ameingia tena na bakuli. Nimemwambia, "Berta, mwanangu, nina neno."

"Kula kwanza, mama."

Nakula.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Anastazia