Nusu ya Chai ya Mubi

Papa,

Siku hizi situlii. Naanza kuosha vyombo naviacha, natoka hadi barabarani, narudi nakuta maharage yameungua. Mama ananiambia nikae. Nikae vipi, wakati kila nyumba hapa Muheto ina habari yake ya kifo chako?

Kaka yako mwami, chifu wetu, alitangaza kanisani kwamba homa ilikuua kwa wajomba zako Itebero, kitandani, sala zikisomwa. Mubi, anasema, hukufika kabisa. Wanywaji wa pombe ya kasiksi wanasema ulipigwa risasi njiani. Na vijana wa ukoo wetu, kwa vile kuna aliyeona kikombe mkononi mwako, wanaapa kwamba Mama Kavira, yule mwenye duka Mubi, alikutilia sumu. "Ule mama iko mugeni, walimutuma," wanasema. Mwili wako hawakuuona. Wazee waliufunga kwenye mkeka haraka, kama mila inavyotaka kwa mtu wa nyumba ya mwami.

Lakini mimi nilikuwepo, Papa. Tulikuwa tumetoka Itebero, mvua ikatukamata Mubi, pikipiki ikakwama kwenye matope. Mama Kavira akakupa kiti cha plastiki na chai ya tangawizi. Watu wa nyumba yetu hawaonekani wakila wala kunywa mbele za watu, na wewe ulilijua hilo kuliko wote. Ukaangalia huku na huku kama mwizi wa ndizi, ukaninong'oneza, "Onja, mama yangu, lakini usimalize." Nikaonja, kama nilivyokuonjea kila kitu tangu utoto. Sukari ilizidi. Ukanywa nusu, ukasema kifua kinakubana, ukaniegemea begani. Mama Kavira alikimbia kwenye mvua akisimamisha kila gari. Ndiye aliyekufumba macho, maana mimi nilikuwa bado nimekukumbatia, akakufunika kwa kitenge alichokuwa amekivaa.

Wazee wakaniita. "Mutoto, funga kinywa. Unataka waseme papa yako alifia mu duka, kikombe ku mukono, watu wote banamuangalia?" Nikanyamaza. Nilidhani nakulinda.

Jana dereva wa lori alileta habari: Mama Kavira amefunga duka, analala kanisani na watoto wake. Na huku vijana wetu wanatafuta petroli wakalichome duka, eti wanakulipia kisasi. Nina hasira nao. Nina hasira na wewe pia, si ungevumilia tu hadi nyumbani! Hapana, sikusema hivyo. Ulikuwa umelowa, umechoka, ulitaka chai. Basi.

Kesho mwami anaketi na ukoo wote. Nitasimama, hata wakinifukuza nyumbani. Nisamehe kama watakucheka. Siwezi kuacha yule mama achomwe moto ili wewe uonekane ulifia kitandani. Wewe mwenyewe ungeniona mtu gani?

Pumzika, Papa. Nimekumisi hata kukohoa kwako kwa asubuhi. Nakuahidi nitasema yote, kiti cha plastiki, sukari, kila kitu. Halafu nitaomba kikombe cha chai ninywe mbele ya mwami na watu wote wakiniangalia. Nitaonja kwanza, kama kawaida. Kisha nitamaliza, maana hakuna tena wa kumwachia nusu.

Mwonjaji wako,
Furaha