Vioo Vile Vile, Maneno Mawili

Ijumaa, Julai 1996. Makongeni, Thika. Baridi ya kukunja vidole, na manyunyu ambayo hayanyeshi wala hayaachi.

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Makongeni, na kwa wageni waliopita hapa kwa shughuli zao, kwamba leo mimi Kariuki, muuza mashati ya mitumba, nimevaa tai. Ni ya buluu, ina vijiti vya gofu. Niliichomoa kwenye beli jipya la mitumba asubuhi na ikanichukua muda kukubali kwamba fundo la tai na fundo la kufungia mbuzi si jambo moja. Majirani wa kibanda waliniuliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa. Nilikuwa nakwenda kupatanisha madaktari.

Dada yangu Njeri anafundisha darasa la nne kule Gitothua, Ruiru. Tangu Pasaka macho yake ni ya manjano, na ngozi inamwasha hadi analala na chanuo mkononi. Picha zilionyesha mrija wa nyongo umebanwa pale unapopita kwenye kongosho. Umebanwa na nini, hilo ndilo swali. Hospitali moja ya Nairobi ikampitisha mpira mdomoni hadi kwenye mrija wenyewe, wakaukwangua kwa kiburashi, wakapaka walichopata kwenye vioo vidogo. Yule wa kuvisoma vioo pale alikuwa amestaafu na kiti chake hakijapata mtu, kwa hivyo tukapewa vioo mkononi tutafute maabara wenyewe.

Tukatafuta. Maabara ya Thika ikaandika: seli zisizo za kawaida.

Daktari wa upasuaji akasoma, akatikisa kichwa. Upasuaji wenyewe si kama kung'oa jino. Wanaondoa kichwa cha kongosho, na mrija, na kipande cha utumbo, halafu wanaunganisha upya kilichobaki. Wengine hawaamki. "Siwezi kumfungua mtu kwa neno hili," akasema. "Hata kijiwe cha nyongo kinaweza kufanya seli zionekane hivyo. Pelekeni vioo kwa mtu wa pili."

Tukavipeleka Ruiru. Vioo vile vile. Maabara ya Ruiru ikaandika: seli za kutiliwa shaka.

Sasa mtu anieleze. Kati ya kisicho cha kawaida na cha kutiliwa shaka, kipi kibaya zaidi? Mimi si mtu wa kawaida. Jirani yangu wa kibanda ni wa kutiliwa shaka, hasa siku za Jumamosi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupasuliwa.

Daktari wa upasuaji naye hakujua. Alipiga simu Thika, akaambiwa daktari hayupo. Akapiga Ruiru siku nyingine, daktari hayupo. Akatuambia, kwa upole wa mtu aliyechoka, kwamba anamshikia Njeri kitanda cha Jumatatu. Tumletee neno moja ambalo hao wawili wamekubaliana. La sivyo atarudia kukwangua, na Njeri atarudi mwisho wa foleni. Mwisho wa foleni ni Septemba. Ukimwona Njeri alivyo sasa, huwezi kuitaja Septemba mbele yake.

Jumapili iliyopita kamati ya harambee ilikaa nyumbani kwa Njeri. Mwenyekiti ni Mzee Gathogo, aliyestaafu kazi ya reli na bado anataka kila kitu kiondoke kwa saa. Aliuliza kwenye kadi za mchango tuandike Njeri anaugua nini. Macharia, shemeji yangu, mume wa Njeri, akasoma ripoti zote mbili kwa sauti.

"Shaka haichangiwi," Mzee Gathogo akasema. "Mtu akisikia shaka, atawaambia mmwite mkishajua."

"Andikeni kansa, hii maneno iishe," akasema Mama Shiru wa kanisani.

Sauti ikatoka chumbani, ambako tulidhani mgonjwa amelala. "Mama Shiru, nikipona nitakurudishia hiyo kansa yako, na shukrani juu."

Chai ilinywewa haraka sana siku hiyo, na watu wakakumbuka wana ng'ombe wa kukama, hata wale wa nyumba za kupanga.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, na mpaka sasa haijashuka.

Mimi sikusoma sana. Nilichosoma nimekisoma kwenye magazeti ya kufungia nyama. Lakini kazi yangu ina maneno. Nguo safi isiyo na doa inaitwa kamera. Ile ya mwisho kabisa, ya kumwagwa chini watu wajichagulie, ni fagia. Sikuyatunga mimi. Ukisema kamera soko la Kongowea kule Mombasa, ukiisema Gikomba kule Nairobi, ukiisema hapa, mnunuzi anajua atakachoona kabla hajakigusa. Hakuna mkutano uliofanywa, hakuna aliyekatiwa utepe. Tulilazimika tu, kwa sababu anayeita fagia kamera hufukuzwa sokoni akiwa amebeba viatu mkononi.

Na hizo ni suruali tu, ambazo wenyewe ng'ambo walizichoka.

Kongosho la dada yangu, ambalo analo moja, kila maabara inaliita inavyopenda.

Nakiri pia kwamba naogopa, na nikiwa na hasira hofu siisikii sana. Ndiyo maana nimeandika hasira kwanza. Nikianza na mambo ya leo alasiri, haitabaki ya kuandika.

Niliamka na hotuba tayari. Nilikusudia kuwakalisha madaktari wawili kama tunavyowakalisha wakwe waliokosana kwa ajili ya mbuzi: kila mmoja aseme yake, asikatizwe, halafu soda. Nikaanzia Thika. Msichana wa mapokezi akaniambia daktari wa seli huja Jumatatu na Alhamisi. Leo Ijumaa. Nikashika njia ya Ruiru, nikijisemea hotuba njia nzima hadi mama niliyeketi naye akahamisha mkoba wake upande wa pili.

Ruiru daktari alikuwapo. Mtu mrefu, sweta chini ya koti jeupe, anakula githeri kwenye kopo la plastiki kando ya darubini. Nilimwonea huruma kidogo, nikaifukuza.

"Daktari, mimi ni ndugu ya mgonjwa," nikaanza. "Sikuja kugombana. Naomba wewe na mwenzako wa Thika mkae pamoja..."

"Mwenzangu yupi?"

Nikampa ripoti ya Thika. Akapangusa mikono, akavaa miwani, akaisoma yote.

"Hii ni yangu," akasema.

Nikampa ya Ruiru.

"Na hii pia."

Nikaketi bila kukaribishwa.

Nilizitazama sahihi upya, maana jina halikuchapwa popote. Moja inafanana na mnyoo. Nyingine inafanana na mnyoo aliyekanyagwa. Ni yeye. Siku mbili yuko Thika, siku mbili yuko Ruiru, na ndiyo sababu kila akipigiwa simu huku, yuko kule. Vioo vilipomfikia mara ya pili vilikuwa vimepewa namba nyingine, naye husoma vingi, hakujua amewahi kukutana navyo.

"Lakini nilichoona ni kitu kile kile," akaniambia. "Kule Thika mwenye maabara ana orodha yake ya maneno, na shaka haimo. Chochote kisichofika hakika nakiandika si cha kawaida. Hapa shaka naruhusiwa."

"Na wewe mwenyewe uliona nini?"

Alivua miwani. "Kwa macho yangu, kansa. Siwezi kuapa. Lakini angekuwa dada yangu, ningetaka apasuliwe."

"Si ungeandika hivyo basi?"

"Kwa neno gani, ndugu yangu?"

Hakuwa anatania. Akanieleza kwamba seli za mlango wa kizazi, wakubwa wa kazi yao huko nje walishakaa wakapatana majina, na kila jina linamwambia daktari afanye nini baadaye. Za kongosho na mrija wa nyongo, bado. Kila mtu anaandika alivyofundishwa, na anavyotaka anayemlipa.

Hotuba yangu yote ilihitaji watu wawili.

Simu kwa daktari wa upasuaji aliipiga palepale, mimi nikisikia. "Ni mimi. Ndiyo, ya Thika pia. Zote. Mfungue." Akakata, akarudi kwenye githeri yake, ambayo sasa ilikuwa imepoa.

Nikapitia Gitothua. Njeri alikuwa ameketi karibu na jiko, amejifunika blanketi. Alinisikiliza kwa uso ule anaowasikilizia wanafunzi waliochelewa.

"Kwa hivyo wiki zote hizi nilikuwa nangoja mtu mmoja akubaliane na yeye mwenyewe."

"Ndiyo."

"Mtoto akinipa majibu mawili kwa swali moja, namnyima yote." Akajikuna mkono kwa chanuo, polepole. "Ni kansa?"

Nilitamani Macharia awe ndani ya nyumba. Hakuwapo. "Ameona hivyo. Amesema hawezi kuapa."

"Mimi sikumtaka aape," akasema. "Nilitaka aseme." Kisha akanituma nimwite jirani anayemshikia darasa, amwonyeshe walipofika kwenye hesabu za sehemu.

Sasa niko Makongeni, na hasira bado ninayo ila sijui niipeleke kwa nani. Yule daktari si mtu mbaya. Mwenye maabara ya Thika pengine naye alirithi orodha yake kwa mwingine. Nikipata nafasi nitawaandikia wakubwa wa afya, niwaambie waje sokoni nusu siku tu, wajionee watu wasio na digrii wanavyopatana majina. Watacheka, najua. Nitaandika hata hivyo.

Jumatatu asubuhi Njeri anaingia. Tumeambiwa twende na shuka, glavu na uzi wa kushonea, kwa sababu hospitali haina.