Mtende Dume Umechanua, Baba

Baba yangu mpenzi,

Umechanua. Najua barua huanza na salamu, na wewe ndiye uliyenikunja sikio kila nilipozisahau, lakini leo utanisamehe. Asubuhi nimekwenda kufungua maji, nikainua macho, nikaona ala ya kwanza ya maua imepasuka katikati ya makuti, na ndani yake maua meupe yamesongamana. Nikayatikisa kidogo, unga ukaniangukia mkononi. Mche wako ni mtende dume kamili.

Unakumbuka tulivyofika? Mwisho wa joto la mwaka sitini na nne, wewe na mimi na sanduku moja la mbao, mwaka tulioiacha Unguja kwa haraka hata kanga zangu zikabaki kwenye kamba. Mama alikuwa amekwisha kufa zamani, na kaka Seif alikuwa Kuwait. Ami Khalfan, binamu yako, alitupokea bandarini Maskati, akatupandisha punda na kutuvusha milima mpaka hapa Amerat, kwenye shamba lake la mitende. Yeye aliishi mjini, akahitaji watu wa kulitazama. "Baridi moja tu, mwanangu," uliniambia. Kaka Seif alikuwa amekupatia kazi huko Kuwait. Kutoka nchini kulitaka ruhusa, ruhusa ilitaka mtu wa kukusemea, na Ami alikuwa ameshaanza kutusemea. Tungekaa mpaka mitende "ipakwe unga," maneno ya Ami ambayo hatukuyaelewa bado, kisha tuondoke.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Sikujua kama kuna mahali ambapo ukigeuka upande wowote unakutana na jiwe. Milima ya huku haina hata jani, imesimama pande zote nne, na wakati wa baridi jua lilichelewa kuivuka na liliwahi kuondoka. Nilikuwa nikilifuata uwanjani kama paka, likihama nahama nalo. Wewe ulinicheka. Asubuhi tulisimama penye mfereji kusubiri zamu yetu ya maji, tukitazama kivuli cha kijiti kifike kwenye jiwe la tatu, miguu imekufa ganzi, na hapo ndipo ulipokuwa ukinihadithia mvua ya kwetu ambayo haikungoja zamu ya mtu.

Na sasa lazima niandike jambo ambalo hatukuwahi kulisema, hata mara moja, kwa miaka yote ile.

Ni mimi niliyeuonyesha ule mtende. Ulikuwa pembeni, karibu na mkunazi, mnene na wenye afya kuliko yote, lakini haukuwa na alama ya mkungu uliokatwa. Yalining'inia maganda makavu tu. Nikasema, "Baba, huu si umekula maji bure? Kwetu ungekwisha kuwa boriti." Ukauzunguka, ukaugonga kwa kiganja kama ulivyokuwa ukiigonga minazi yako, ukasema, "Kweli, huu gumba." Nami nikaongeza, kwa tamaa yangu, "Na shaha yake tutaila." Ukauangusha kabla ya adhuhuri. Tulikula shaha, ule moyo mweupe wa kileleni, na papa mkavu aliyetoka pwani ya Sidab, tukasifiana. Nilikuwa sijakuona ukicheka vile tangu Unguja.

Nani angetuambia? Mnazi mmoja una dume na jike ndani yake, unazaa peke yake, na usipozaa unakatwa. Hatukujua kwamba mitende ina waume na wake, na kwamba mume mmoja anatosha shamba zima.

Ami alipokuja wiki ile alisimama mbele ya kisiki akashindwa hata kumfunga punda wake. "Yaa Rabbi," akasema. "Ndugu yangu, umemuua dume! Nnalo moja tu!" Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Nilingoja unitazame. Hukunitazama. Ulisema, "Nimekata mimi. Sikuuliza." Halafu ukatamka yale maneno ambayo nimeishi ndani yake mpaka leo: "Wallahi sitoki hapa mpaka nikurudishie dume lako, na nilione linachanua."

Ami akajibu, "Haya." Neno moja. Mimi nikaenda jikoni nikamwaga kahawa yote.

Mkachimbua chipukizi lililobaki ubavuni mwa kisiki, dume kama mzazi wake, mkalipanda palepale. Miaka mitano, alisema Ami, pengine sita.

Baridi ile ulizunguka kwenye kuta za majirani kuomba unga wa maua. Mtu mzima, mwenye shamba lake la karafuu jana tu, unabisha hodi na kikapu kitupu. Walikupa kwanza kicheko, kisha unga kidogo waliobakiza. Nusu ya mitende yetu ikatoa tende chapwa zisizo na kokwa. Na mwaka uliofuata ukaenda tena, na mwaka uliofuata. Walikuita "yule Mzanzibari aliyekata dume," na ukirudi ulinisimulia jina hilo kama mzaha. Haukuwa mzaha. Nilikuona unavyojipangusa uso kabla ya kuingia.

Nilikukasirikia, baba. Naandika wazi kwa sababu huwezi tena kunikunja sikio. Nilikasirika kwamba ulibeba kosa langu bila kuniuliza kama nataka libebwe, na kwa kulibeba ukanifungia nalo. Ningeondoka vipi, msichana, bila wewe? Barua za kaka Seif zilikuja, "Njooni," nawe ukazikunja ukaziweka chini ya mto. Hata Ami alikuambia mwaka wa tatu, "Ndugu yangu, basi, nenda zako, nnakusamehe." Ukasema, "Nimeapa."

Ukaufunika ule mche kwa gunia, baridi ilipozidi. Nikakwambia, "Mtende una blanketi na mimi nnatetemeka!" Ukajibu, "Wewe una miguu ya kukimbilia jua." Nilicheka bila kupenda. Ndivyo ulivyokuwa, hunipi nafasi ya kukasirika nikamaliza. Ukanichumia kunazi, ukanipangia kwenye ungo, zilizoiva upande wangu na mbichi upande wako. Ulijua kama najua kwamba unanibembeleza?

Kisha ikaja mvua ya mwaka jana. Wadi, lile korongo la mto mkavu, lilikuja na maji mekundu, likapanda mpaka kwenye mitende ya chini, nawe ukatoka na jembe kuuzungushia mche wako tuta. Nilikuita mlangoni. Nilikuita tena. Uliinua mkono mmoja bila kugeuka. Uliporudi meno yalikuwa yakigongana, na siku ya sita ndugu wa hapa wakakuzika kule juu kwenye mawe, mahali maji hayafiki.

Baada ya matanga nilichukua shoka lile lile. Nililipiga shina mara moja. Kovu lipo mpaka leo, upande wa kusini. Nilitaka kupiga la pili nikaona gunia lako bado limefungwa juu yake, na fundo lako lile baya ambalo hakuna mtu mwingine anayelifunga. Nikakaa chini nikalia hapo hapo kwenye tope.

Ami akaniambia nimeachwa huru, kiapo kilikuwa chako na umekufa nacho. Nilikataa kuondoka. Usinisifu, ilikuwa hasira. Nilitaka kuuona mti uliokula miaka yangu na ukakuchukua wewe, niuone una nini cha kunionyesha. Baridi hii nimeimaliza peke yangu hapa, na mke wa jirani akija kulala nami. Nimeamka, nimesubiri kivuli, nimefungua maji, nimekata majani ya mbuzi. Nimeomba unga ukutani kama wewe, kwa mitende iliyowahi kuchanua. Nao hawakucheka.

Ami amekuja leo mchana. Nimempeleka chini ya mtende. Ameutazama mpaka kilemba kikamwegemea kisogoni. Halafu nikaona nisipoyatoa sasa sitayatoa tena, nikamwambia, "Ami, ule wa kwanza nilimwonyesha baba mimi. Mimi ndiye niliyesema ukatwe."

Akasema, "Nnajua, mwanangu."

"Unajua vipi?"

"Kanambia siku ile ile, ulipokwenda jikoni. Kasema, mtoto kasema, lakini shoka lilikuwa mkononi mwangu. Na kanambia usijue kama nnajua, usije ukaona haya kula chakula changu."

Miaka mitano, baba, nimekula nimeinamisha kichwa mbele ya Ami, naye miaka mitano ananiongezea nyama. Kumbe mlikuwa wawili mnanichunga. Sijui nikushukuru au nikugombeze, na kwa kuwa hupo nimefanya yote mawili, kwa sauti, mpaka mbuzi wakanishangaa.

Nimekata maua kama alivyonionyesha Ami, nimepanda mtende jike wa kwanza mwenyewe, nguo nimezifunga kiunoni, nimepachika vishada ndani ya mkungu na kuvifunga. Fundo nimelifunga vibaya makusudi.

Ruhusa yangu iko mfukoni mwa Ami. Ameniambia ipo tangu mwezi uliopita na alikuwa akingoja mti. Keshokutwa tutavuka milima, naye atanifikisha melini, na kaka Seif atanipokea Kuwait. Nimefunga lile sanduku letu. Mlango uliokuwa umefungwa miaka yote uko wazi, nami nasimama ndani yake naona uzito, kwa sababu mmoja wetu anabaki.

Ndiyo maana kabla ya magharibi nimepanda kule kwenye mawe. Ile ala ya kwanza, tupu, nimekuwekea kichwani, ikiwa imefunguka, uione mwenyewe. Umerudisha dume la watu, baba. Limechanua. Kiapo chako kimekwisha, unaweza kutoka.

Wako aliyeuonyesha mti,
binti yako