Mkono wa Eunice Kwenye Kompyuta

Samuye,
Shinyanga.
14 Juni, 2024

Mpendwa kaka Selestine,

Shikamoo. Hamjambo huko Tunduma? Wifi Dorah na Donatus wanaendeleaje? Kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima, ila moyo wangu hautulii.

Nilikuambia kwenye simu kwamba binti yangu Eunice aliteleza kule Runzewe akaangukia kiganja cha kulia, akavunjika mfupa wa mkono. Aliletwa nyumbani, nikamfunga mwenyewe kwa vijiti na kitambaa, kama mama alivyonifundisha. Mfupa uliunga, lakini mkono ukapinda. Akawa hawezi kugeuza kiganja kitazame juu apokee hata chumvi. Akawa ananyoosha wa kushoto, na watu wakamwona hana adabu.

Mwezi uliopita nikampeleka hospitali Mwanza. Wakasema mfupa uliopinda utakatwa uwekwe sawa, kisha wakapiga picha mikono yote miwili. Ule mzima wa nini? Nikasimama mlangoni nikasema, "Huo hamuukati!"

Daktari, mtu mpole, akanikalisha mbele ya kompyuta. "Mama, huu wa kushoto tunaugeuza kama kwenye kioo. Unatuonyesha wa kulia ulivyotakiwa kuwa."

Akaulaza mfupa mmoja juu ya mwenzake. Nikaona kwa macho yangu nilipokosea. Akaukata ule uliopinda humo humo kwenye kompyuta, akauzungusha kidogo, ukakaa. Akasema ndivyo watakavyofanya kwenye mkono wenyewe.

"Nani alimfunga?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Eunice akajibu, "Nilijifunga mwenyewe, daktari."

Siku ya upasuaji nilikaa nje ya chumba nikingoja. Mle kwenye kompyuta mfupa ulikatwa bila damu. Huyu ni mwanangu, ana damu. Alipotolewa, vidole vyake vilikuwa baridi, nikajua vimekufa. Nikakaa navyo mkononi, nikisali, mpaka kidole gumba kikatikisika.

Juzi aligeuza kiganja kitazame juu, si kabisa, nusu tu. Daktari anasema mazoezi yatamalizia. Namshukuru Mungu.

Lakini hofu haijanitoka, kaka. Nimefunga mifupa ya watu hapa Samuye miaka ishirini na sita. Hakuna aliyerudi kulalamika, nami nikawahesabu wote wamepona. Sasa sijui ni wangapi walipona na wangapi walinistahi tu, na naogopa kumuuliza hata mmoja.

Msalimie wifi, na Donatus mwambie shangazi anamkumbuka. Eunice anakuamkia, mjomba wake. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Klara