Nimemcheka Mama Mkwe Alipoumwa na Nyigu

Shangazi mpendwa, naomba unisaidie upesi kwa sababu mke wangu anakaribia kujifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake aliyekuja kumsaidia ameondoka nyumbani kwetu kwa hasira, na aliyemkasirisha ni mimi, ingawa waliomuuma ni nyigu.

Mimi ni fundi makochi, nafanyia kazi uani kwangu chini ya bati, na hao nyigu walijenga kwenye ukingo wa paa, juu ya mlango wa nyuma, mlango ambao ndio njia ya kwenda bafuni. Mwanzoni walikuwa wachache nikawaacha, nikasema wana maisha yao, lakini walizaana mpaka ukawa mzinga kama bakuli lililogeuzwa, na mke wangu na tumbo lake lile akawa anatokea mlango wa mbele na kuzunguka nyumba nzima ili akaoge. Akaniambia, "Baba, mtafute mtu wa kupulizia dawa." Nikamwambia mtu wa nini na mimi nipo, mwanamume mzima mwenye mikono.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika. Shangazi, mama ni mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, anaongea kila neno limenyooka kama anasoma taarifa ya habari, na mimi tangu nioe namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwalimu wangu mwenyewe. Hajakaa hata kidogo, akatoka uani, akawatazama nyigu, akasema, "Baba, hao dawa yao ni moshi." Akaweka maboksi yaliyoloana na maganda ya vitunguu kwenye jiko la mkaa, akalisukuma hadi mlango wa nyuma, chini ya mzinga, na moshi ukaingia ndani wote, hadi chumbani, mke wangu akatolewa nje anakohoa, nguo zilizokuwa kwenye kamba zikanuka kitunguu, na nyigu wakabaki palepale wametulia kama watu waliowashiwa udi.

Nikaona zamu yangu imefika. Nikakata chupa ya plastiki, nikaigeuza mdomo kwa ndani, nikatia maji ya sukari na soda kidogo ili waingie wazame, na kweli waliingia wawili watatu, lakini waliobaki wakaitana, Shangazi, wakaja nyigu ambao hata hatukuwajua, wakaja na nzi, wakaja na nyuki, mpaka jirani yetu muuza mkaa akaniambia kutoka ng'ambo ya ukuta, "Fundi, huku kwangu nyigu wameisha kabisa, sijui wamehamia wapi." Mama akasikia. Alisafisha miwani yake tu, lakini nilielewa.

Kesho yake akajaza hewa mfuko wa kaki, akaufunga kamba, akauning'iniza karibu na mzinga, akanieleza taratibu kama niko darasa la pili kwamba nyigu wakiona nyumba ya wenzao huhama kwa kuogopa ugomvi. Hawakuhama. Baadhi yao waliingia ndani ya ule mfuko wakaanza kujenga. Basi mimi nilipiga mluzi tu, na nadhani naye alielewa.

Ndipo nikaamua kumaliza jambo. Nilichanganya sabuni ya maji na siki kwenye ile pampu ninayolowanishia vitambaa, nikajifunga masalio ya sponji za makochi mwili mzima kwa mpira, miguuni, mikononi, kifuani, nikaazima kofia ya pikipiki, nikafunika shingo kwa kipande cha pazia, mke wangu akaniona nikitoka akasema, "Mungu wangu, nimeolewa na godoro." Mama alikuwa bafuni. Nikapiga kelele kutoka ndani ya kofia, "Mama, usitoke! Mama, usitoke!" Sasa ile kofia imemeza neno sijui vipi, yeye akasikia "toka, toka," akadhani nyumba inaungua, akatoka na kanga yake na ndoo mkononi wakati ule ule nilipokuwa nimeshaupiga mzinga kwa pampu.

Mimi hakuna hata mmoja aliyenigusa, Shangazi. Sponji ni kitu kizuri sana. Mama walimuuma mdomo wa juu, wakamuuma na wa chini, nasi tukakimbilia ndani tukafunga mlango, na muda si muda ile midomo ikavimba ikawa kama mito miwili midogo ya kochi, nasema kama fundi. Akanyoosha kidole kwangu, akasimama wima kama anavyosimamaga, akataka kuniambia "Mpumbavu mkubwa wewe," na kilichotoka ni "Fufafu fukufa fewe."

Nikacheka.

Nilijitahidi, nakuapia. Nilidhani ndani ya kofia sionekani, kumbe mabega yanaruka na sponji zote zinaruka nayo. Akarudia, "Fufafu!" nikaishiwa nguvu nikakaa chini. Mke wangu akaniuliza kwa sauti ndogo, ile ambayo ni mbaya kuliko kubwa, "Unamcheka mama yangu?" Mama akafungasha begi, akampigia simu mwanawe, shemeji yangu dereva wa lori, akashindwa kutamka, akampa mke wangu simu aongee kwa niaba yake, na jioni hiyo akachukuliwa.

Nilikwenda nyumbani kwa shemeji kumwomba mama radhi. Nilikaribishwa, mama akakaa mbele yangu kajifunika mdomo kwa upindo wa kanga, nikaanza vizuri tu, "Mama, nimekuja mbele yako," halafu mke wa shemeji akaleta chai, mama akashusha kanga akataka kunywa, midomo haikukishika vizuri kikombe, chai ikapita pembeni. Shangazi, nilijifanya nakohoa. Chai yangu mwenyewe ikatokea puani. Shemeji akaniinua kwa mkono, bila fujo, kama anavyohamisha mzigo, akanitoa nje akasema, "Shemeji, nakupenda, lakini usirudi hapa mpaka nikuite."

Sasa mke wangu anaongea nami kwa lazima tu. Usiku anageuka upande huu na huu, hapati usingizi, anamtaka mama yake. Mama anampigia kila siku kumwuliza hali, na kila akimaliza anamwuliza, "Na wale nyigu, bado wapo?" Wapo, tena baada ya siki wamekuwa wakali zaidi. Rafiki yangu mwashi anasema nimwage petroli kwenye mzinga nitupe kiberiti, wataisha mara moja. Naomba unishauri kuhusu hiyo petroli, na pia niombeje radhi bila kucheka, maana kila nikifikiria ule mdomo, hata sasa nikiandika, nimeweka kalamu chini mara mbili nicheke kwanza. Mimi si mtu mbaya. Tangu utotoni nikiogopa nacheka, hata msibani nilishatolewa.

Wako,
Fundi Makochi Aliyekwama

SHANGAZI ANAJIBU:

Fundi, nianze na petroli kabla hujafanya kitu. Usithubutu. Una mbao za paa, una sponji na vitambaa uani, una mke mjamzito ndani, na una rafiki mwashi ambaye bila shaka anatafuta kazi ya kukujengea nyumba mpya. Ukiona mkono wako umeshika kiberiti, uweke mfukoni wote pamoja na kiberiti, ukatembee.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na sikatai, mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza nina nini. Kwa hiyo sitajifanya malaika. Lakini mara ya pili nilitafuta kitu kimoja na sikukiona. Umenieleza sponji, umenieleza kofia, umenieleza mito ya kochi. Mama wa watu kavimba midomo, na hujaandika popote kwamba ulimpa hata kitambaa cha maji baridi. Hukumwuliza kama anapumua vizuri. Mtu akiumwa na nyigu mdomoni anaweza kuvimba mpaka koo likaziba, na hapo anakimbizwa hospitali, si kusubiri lori. Mwanangu, kucheka kunaweza kumponyoka mtu. Kukaa chini ukiendelea kucheka wakati mtu mzima anaumia mbele yako, hilo ulilifanya mwenyewe, na ndilo la kuombea radhi.

Tena umesema jambo dogo kule mwishoni ukalipita haraka. Unasema ukiogopa unacheka. Basi nakuuliza, unaogopa nini? Nyigu hawakukugusa. Mimi naona mwanamume ambaye mtoto wake wa kwanza yuko njiani, na kwa kuwa hawezi kufanya lolote kuhusu uchungu wa kuzaa, ameamua kupigana na wadudu wa ukingo wa paa. Na mama mkwe naye ni hivyo hivyo. Binti yake anakaribia chumba cha kuzalia, naye hana la kufanya ila kuwasha moshi. Mlikuwa mnashindana nyinyi wawili huku anayehitaji kutulizwa amesimama katikati yenu na tumbo lake. Mwambie mkeo kwamba unaogopa. Mwambie leo, kabla ya kula. Usimwambie ukiwa umevaa sponji.

Kuhusu nyigu, mkeo alishakwambia tangu mwanzo. Ita mtu wa kupulizia dawa, mtu anayejua kazi hiyo, aje jioni wakiwa wamerudi kwenye mzinga na wametulia. Mweleze kwamba kuna mjamzito, ili aseme mkeo akae wapi na kwa muda gani. Hiyo chupa yako ya sukari itoe leo leo, unawafanyia karamu. Na mfuko wa kaki usiuguse wewe, autoe huyo mtu, maana kwa maelezo yako umeshapata wapangaji.

Tuje kwa mama. Wewe umesikia anauliza kuhusu nyigu ukadhani anakusimanga. Mama anayeuliza kila siku kama nyigu bado wapo anataka kurudi, ila hataki aonekane amerudi mwenyewe. Wakishatoka nyigu, mke wako ampigie amwambie wametoka, asiongeze neno. Kisha umpigie shemeji umwombe ruhusa. Usijitokeze tu mlangoni kwake, yule amezoea kubeba magunia.

Ukifika, angalia miguu ya mama. Huyo ni mkweo, hukutakiwa kumkodolea macho usoni hata kabla ya nyigu. Chai ukipewa, shukuru uiache mezani. Sema, "Mama, uliumia ukiwa nyumbani kwangu, sikukuhudumia, na nilikucheka. Nimekosa." Ukimaliza hapo, nyamaza. Usieleze kuhusu kofia. Usitaje utoto wako. Halafu kumbuka kwamba yule ni mwalimu, na ana sentensi yake ambayo siku ile haikutoka vizuri. Mwache aitoe. Ni haki yake, nawe itikia, "Ndiyo, mama." Ukihisi kicheko kinapanda, jibane paja kwa nguvu zote za mtu anayevuta kitambaa cha kochi la watu sita.

Kisha beba begi lake. Usimwulize kama anarudi. Beba tu.

SHANGAZI ANAONGEZA: Jibu hili nilimtumia Fundi mapema, maana jambo lake halikusubiri gazeti, na kabla ukurasa huu haujafungwa amenitumia ujumbe, nami nauweka hapa kama ulivyo, kwa kuwa wengi wenu mtataka kujua.

"Shangazi, nyigu wametoka. Yule mtu wa dawa alifanya kazi ndani ya muda mfupi, amevaa shati la kawaida, nikaona aibu. Mke wangu nilimwambia ninavyoogopa, akaniambia na yeye anaogopa, tukakaa. Kwa mama nilikwenda nikaangalia miguu, nikasema yote, naye akaitoa sentensi yake, na akaongeza nyingine mbili ambazo sikuzitarajia kwa mwalimu. Nikaitikia. Paja lina alama mpaka sasa. Begi nilibeba, akanifuata nyuma hadi kwenye gari. Jana mke wangu alilala mpaka asubuhi, mama yuko chumba cha pili. Sasa Shangazi, asubuhi hii mama ameona sisimizi kwenye kopo la sukari, ananiagiza malimau na unga wa mdalasini, na mimi nimesoma mahali kwamba dawa yao ni chumvi. Nifanyeje?"

Fundi, mletee mama malimau yake, mletee na mdalasini, kisha toka jikoni.