Tuta Letu la Otonglo

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Otonglo tu wazima. Mahindi yamefika magotini, na baba yako ameezeka jikoni upya.

Umeniuliza kama niliwahi kurusha mawe kwenye maandamano nikiwa na umri wako. Nilirusha. Gari lilimgonga rafiki yangu Atieno hapa sokoni, likamvunja mguu, nasi wauza omena tukarusha mawe na kuchoma matairi barabarani. Injinia aliyekuwa anakuja kupima mahali pa tuta la kupunguza kasi ya magari aliona moshi, akageuza gari.

Wiki iliyofuata tukabeba mabeseni yetu ya omena hadi ofisini kwake, tukakaa mlangoni kila asubuhi. Siku ya nne akatoka ameziba pua.

"Mama, mmekuja kuuza samaki hapa?"

"Hapana, Bwana," nikamjibu. "Tunangoja tuta. Kule barabarani tutagongwa."

Alikuja kupima siku hiyo hiyo.

Sikuambii la kufanya huko Nairobi. Hasira yako naijua, umeitoa kwangu. Lakini ukija Disemba, keti nami sokoni uone trela za Uganda zikipunguza mwendo kwenye tuta letu, hata gari la gavana na king'ora chake. Atieno naye huvuka na mkongojo wake, bila hata kugeuza shingo.

Dani, nyanya yako